Redio ya jamii Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu umbali wa matangazo na usikivu

Haya ndiyo maswali ambayo sisi mafundi wa redio ndogo za mitaani huulizwa kila mara, kwa simu, kwa ujumbe, na hata tukiwa njiani na ngazi begani. Mengi yanahusu 99.9 FM, kwa sababu ndiko redio kadhaa za jamii za Nairobi zilikopangwa. Soma swali linalokuhusu. Pale ambapo jibu limeshatolewa kwingine, tumekuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

1. Matangazo ya redio ya jamii hufika wapi hasa?

Hufika mtaa ambao redio ilipewa leseni kuuhudumia, na pembezoni mwake kidogo. Tunazungumzia kilomita chache, tena si kwa usawa kila upande. Ukichora duara kwenye ramani na kusema "hapa ndani wote wanatupata", utajidanganya. Mawimbi ya FM husafiri kama mwanga, yakikuta mlima au jengo, nyuma yake kuna kivuli.

Chukua Kibera. Mtaa umekaa kwenye mteremko unaoshukia mtoni na Nairobi Dam. Aliye juu karibu na reli anaweza kuwa mbali zaidi na mlingoti kuliko jirani aliye bondeni, lakini yeye ndiye anayepata sauti safi. Mambo ni hayo hayo Korogocho na Mathare, ambako nyumba zimejipanga hadi ukingoni mwa mito. Kwa hiyo ukituuliza kama utatupata, tutakuuliza uko juu au chini kabla ya kukuuliza uko umbali gani.

2. Stesheni kubwa nazipata hadi Machakos. Mbona nyinyi mnapotea hata sijafika mjini?

Kwanza ni kimo. Stesheni nyingi kubwa za Nairobi hurusha matangazo kutoka Limuru, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ilhali sehemu kubwa ya jiji iko karibu na mita 1,700. Mtambo wao unaliangalia jiji kutoka juu. Mlingoti wetu umesimama juu ya paa katikati ya mtaa wenyewe, ukizungukwa na ghorofa zinazoongezeka kila mwaka.

Kuna hesabu rahisi ambayo fundi yeyote anaweza kukufanyia. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, utapata umbali wa upeo wa mawimbi kwa kilomita. Antena ya mita 25 inakupa kilomita 20 na kidogo. Ongeza kimo cha redio yako mkononi, inafika kama 25. Lakini hiyo ni kwenye uwanda mtupu, na Nairobi si uwanda mtupu.

Pili ni nguvu. Mitambo yao hupimwa kwa kilowati, yetu kwa makumi ya wati. Na tatu, ambalo wengi hulisahau, ni leseni. Hatukupewa ruhusa ya kufika Machakos, na hatukuiomba. Redio ya jamii inaanzishwa ili mama wa Mukuru ajue maji yatafunguliwa lini mtaani kwake. Kipimo chetu cha kazi nzuri ni kama anasikika vizuri yule aliye ndani ya mtaa, na hapo ndipo tunapotaka mtudai.

3. Si mngeongeza tu nguvu ya mtambo?

Tungeiongeza, tungevunja masharti ya leseni na tungewafunika wenzetu wanaotumia masafa hayo hayo, yaani namba ile ile ya 99.9 kwenye redio (tazama swali la 4). Tena faida yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ukizidisha nguvu mara mbili, umbali hauongezeki mara mbili. Kwenye eneo wazi kabisa huongezeka kwa takriban asilimia 40, na mjini, kwenye mabati na kuta, huwa chini ya hapo. Ili umbali uwe mara mbili unahitaji nguvu mara nne au zaidi, na bili ya stima itapanda nayo.

Fundi akiwa na pesa kidogo za kutumia, kimo kina faida kuliko wati. Antena ikiinuliwa mita chache ikapita paa la ghorofa jirani, mtaa mzima ulio nyuma ya ghorofa hiyo hutoka kivulini. Hata hivyo kimo nacho kina mwenyewe. Milingoti huhitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mitaa yetu mingi iko karibu na viwanja vya ndege: Wilson, JKIA, na kile cha jeshi pale Eastleigh.

4. Kwa nini redio kadhaa za jamii zote ziko 99.9? Hamwezi kutafuta nafasi yenu?

Hili ndilo swali tunalopenda zaidi kulijibu, kwa sababu ndani yake mna maelezo ya karibu kila lalamiko tunalopokea.

Bendi ya FM huanzia megahezi 87.5 hadi 108. Nairobi imejaa. Zungusha redio yako polepole uone mwenyewe, ni nadra kukuta pengo. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo ndiyo hugawa masafa, ingempa kila mtaa masafa yake, redio za jamii hazingepata nafasi. Njia iliyotumika ni kuwapa watu walio mbalimbali masafa yale yale. Koch FM ya Korogocho iko 99.9, Pamoja FM ya Kibera iko 99.9, Ruben FM ya Mukuru kwa Reuben iko 99.9. Kutoka Kibera hadi Korogocho ni zaidi ya kilomita 10 kwa mstari ulionyooka, na kila mtambo ukikaa kwenye nguvu yake ndogo, kila mtaa unasikia redio yake.

Hii inawezekana kwa sababu ya tabia moja ya FM. Redio yako ikipokea stesheni mbili kwenye masafa yale yale, haizichanganyi nusu kwa nusu. Hushika ile yenye nguvu zaidi na kuinyamazisha nyingine, hata kama tofauti yao si kubwa sana. Ndiyo maana ndani ya mtaa wako husikii mtaa mwingine kabisa. Shida huja mpakani, mahali ambapo mawimbi ya pande zote mbili yanakaribiana nguvu. Hapo redio hukosa la kushika, sauti inakatika, inakwaruza, mara huyu mara yule.

Sasa fikiria mmoja wetu akiongeza nguvu kwa siri. Mpaka ule unasogea hadi ndani ya mtaa wa jirani, na mwenye kuumia ni msikilizaji wa kule ambaye hajui lolote. Ndiyo sababu sisi mafundi hushikilia sana suala la nguvu, hata mwenye redio akitusihi vipi.

5. Redio yangu ina MW, SW na FM. Niweke wapi?

FM. Ukiiweka MW au SW hutatupata hata ukizungusha hadi kesho. Redio nyingine za zamani zina sindano isiyo sahihi sana, kwa hiyo tafuta kuanzia 99 hadi 101 badala ya kusimama penye alama tu.

6. Televisheni ilihamia dijitali. Redio yangu ya zamani bado inafaa?

Inafaa. Kilichozimwa Nairobi mwaka 2015 ni matangazo ya analojia ya televisheni. FM iko pale pale ilipokuwa, na huhitaji king'amuzi kusikiliza redio. Anayekuambia ununue kimoja kwa ajili hiyo anakuuzia kitu usichokihitaji.

## Nyumbani

7. Nje ya nyumba redio inashika vizuri, ndani ya mabati inakwaruza. Nifanyeje?

Mabati huyarudisha mawimbi. Nyumba iliyofungwa mabati pande zote na juu huruhusu mawimbi kuingia kwa mlango, dirisha, na mianya tu. Mawimbi ya 99.9 yana urefu wa karibu mita 3, kwa hiyo tundu dogo la hewa halisaidii kitu. Mlango husaidia.

Anza na lisilo na gharama: sogeza redio karibu na mlango au dirisha, vuta antena yote nje, igeuze taratibu. Usiiegemeze kwenye ukuta wa mabati, maana antena ikigusa au kukaribia bati hupoteza kazi yake.

Kama haitoshi, tafuta waya mwembamba wa shaba wenye ngozi ya plastiki, hata kipande cha waya wa chaja iliyoharibika. Kata sentimita 75. Menya ncha moja, izungushe kwenye ncha ya antena ya redio na uikaze. Pitisha upande wa pili nje kwa upenyo wa dirisha na uuning'inize kwenye msumari wa mbao ya fremu, si kwenye bati. Urefu huo ni robo ya wimbi la 99.9, ndio unaoitikia vizuri zaidi. Tumeona nyumba za Mukuru zilizokuwa hazipati chochote zikipata sauti safi kwa waya huo tu. Kabla ya kuutoa nje, soma onyo lililo kwenye swali la 11.

8. Nikiishika antena kwa mkono inashika, nikiiachilia inapotea. Redio imeharibika?

Haijaharibika. Mwili wako umekuwa sehemu ya antena, umeirefusha. Ni dalili kwamba mawimbi yapo lakini antena yako ni fupi, imevunjika, au imelegea pale inapoingia kwenye redio. Waya wa swali la 7 utafanya kazi ya mkono wako. Angalia pia kile kiungo cha chini cha antena. Kikilegea, antena ndefu vipi haitasaidia.

Jambo linalofanana na hili: ukisogeza redio nusu hatua tu, sauti inabadilika kabisa. Ndani ya nyumba mawimbi hugonga kuta na kurudi, yakikutana sehemu nyingine huongezana, sehemu nyingine huuana. Kutoka mahali pabaya hadi pazuri inaweza kuwa sentimita 75 tu. Kwa hiyo usihukumu kabla hujaijaribu redio juu ya meza, juu ya kabati, na pande zote mbili za chumba.

9. Nakaa ghorofa ya chini Pipeline, katikati ya majengo yaliyobanana. Kuna matumaini?

Kidogo. Majengo ya namna hiyo yana saruji, nondo, na ukumbi mwembamba usioona anga. Chumba kinachotazama barabara hushika kuliko kile cha ndani. Wa juu kabisa ana tatizo lililo kinyume: anaona mbali mno, kwa hiyo anapokea zaidi ya stesheni moja kwenye 99.9 na zinagombana. Yeye aweke redio upande wa jengo unaotazama mtaa anaoutaka, ili jengo lenyewe limkingie ule mwingine.

10. Jioni redio inavuma sana, lakini stima ikipotea inashika vizuri. Inakuwaje?

Umeshajijibu. Chaja za bei rahisi na balbu za LED zisizo na vichujio vizuri hutoa mawimbi machafu yanayoingia moja kwa moja kwenye redio. Jioni kila nyumba imewasha. Stima ikipotea zote zinanyamaza pamoja.

Tafuta mkosaji kwa kuchomoa kimoja kimoja huku redio ikilia. Mara nyingi ni chaja moja tu, na mara nyingi iko kwenye soketi moja na redio. Ukimpata, mweke mbali au mbadilishe. Akiwa kwa jirani, ukuta wa bati katikati, zungumza naye. Redio ikitumia betri badala ya stima, uchafu mwingi hupungua pia, kwa kuwa sehemu yake husafiri kupitia waya wa umeme.

11. Naweza kujitengenezea antena ya nje?

Ndiyo, na ni kazi ya jioni moja. Iliyo rahisi ina mikono miwili ya waya au bomba jembamba la alumini, kila mmoja sentimita 71 hadi 72, iliyopangwa kwenye mstari mmoja juu ya ubao mkavu, na nafasi ndogo katikati. Kebo ya antena ya televisheni hufungwa hapo katikati: waya wa ndani kwenye mkono mmoja, wavu wa nje kwenye mkono wa pili. Anza kwa kuisimamisha wima, sikiliza, kisha ilaze ulinganishe. Stesheni hutofautiana jinsi zinavyorusha, na masikio yako ndiyo yatakayokuambia. Kebo nzuri na ubao hupatikana kwa bei ya kawaida, na fundi yeyote wa Luthuli Avenue atakumalizia upande wa redio kama haina tundu la antena.

Sasa onyo, na tunalisema kwa uzito wote. Mitaani kwetu nyaya za stima ya sambaza, ile ya kuunganishwa kienyeji, hupita chini chini juu ya mapaa, nyingine ngozi imekwisha. Usipande paa la bati kufunga antena. Usirushe waya juu ya nyaya usizozijua. Usitumie waya wa stima kama mti wa kuegemeza antena yako. Bati likiguswa na waya uliochubuka huwa na umeme lote, na watu wamekufa kwa hilo. Antena ya dirishani iliyo dhaifu kidogo ni bora kuliko ya paani.

12. Redio yangu ina kitufe cha stereo na mono. Kipi kifaacho?

Kama unasikia mvumo nyuma ya sauti, mono. Stereo huhitaji mawimbi yenye nguvu zaidi kwa mbali. Na kwa kuwa vipindi vyetu vingi ni vya mazungumzo, hupotezi chochote.

## Simu, gari na matatu

13. Simu yangu haishiki mpaka nichomeke eafoni. Kwa nini?

Waya wa eafoni ndio antena. Ndani ya simu hamna nafasi ya antena ya FM, kwa hiyo waundaji waliutumia waya huo. Unyooshe, usiukunje mfukoni. Zile eafoni zisizo na waya hazisaidii hapa. Ukitaka kusikia kwa spika, acha eafoni zimechomekwa, kisha chagua spika kwenye menyu ya redio.

Kabambe nyingi, zile simu ndogo za vitufe, zina FM nzuri kuliko simu za bei kubwa, na baadhi ya simu janja za sasa hazina FM kabisa. Ukikosa programu ya redio kwenye simu yako, si kosa la mtaa wako, nenda swali la 16.

14. Gari langu limetoka Japani na redio yake inaishia 90. Nifanyeje?

Japani FM hutumia megahezi 76 hadi 90, na redio mpya za huko hufika 95. Haiwezi kufika 99.9 yenyewe. Ndiyo maana mafundi hufunga ekspanda, kile kisanduku kidogo kinachochomekwa kati ya antena na redio, ambacho huteremsha masafa yote kwa kiasi fulani.

Tazama namba iliyoandikwa juu ya ekspanda yako kisha utoe kwenye 99.9. Ekspanda ya 15 itatuweka 84.9. Ya 20, 79.9. Ya 12, 87.9. Ya 10 itatuweka 89.9, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu stesheni kubwa zilizo karibu na 90 huvuja moja kwa moja hadi kwenye redio na kutufunika. Kwa redio ndogo kama zetu, ekspanda inayotupeleka chini, mbali na 87.5, hufanya kazi vizuri zaidi. Kama unapanga kubadilisha redio ya gari, nunua inayofika 108 uachane na ekspanda. Kila kifaa cha ziada njiani hupunguza nguvu, na sisi hatuna nguvu ya kupoteza.

15. Nikiwa kwenye matatu kutoka Kibera kwenda mjini, 99.9 inakuwa ya watu wengine. Mmebadilisha kipindi?

Hatujabadilisha. Umevuka mpaka ulioelezwa kwenye swali la 4. Barabarani mabadiliko huwa ya ghafla, kwa kuwa kila jengo unalolipita hukata upande mmoja na kufungua mwingine. Unaweza kusikia nusu ya sentensi ya mtangazaji wa Kibera ikimaliziwa na wimbo kutoka mtaa mwingine. Dereva hana la kurekebisha.

16. Nikisikiliza kwa intaneti nitatumia data kiasi gani?

Inategemea jinsi stesheni inavyorusha. Kwa kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja hula karibu MB 29. Kwa 128 ni mara mbili ya hapo. Kwa 32, karibu MB 14, na mazungumzo bado husikika vizuri. Sauti ya intaneti pia huchelewa nyuma ya FM, kwa hiyo ukipiga simu studio, zima spika kwanza.

Kwa aliye nje ya mtaa, intaneti ndiyo njia. Kwa aliye ndani, tunamshauri abaki na FM: haina malipo, na haijali kama vocha imeisha.

## Mvua, stima na mitambo

17. Mvua ikinyesha nyinyi hupotea. Mvua huzuia mawimbi?

Kwenye masafa ya FM, mvua yenyewe karibu haizuii kitu. Ukiona tunadhoofika wakati wa mvua, tafuta maji yalikoingia, upande wako au upande wetu.

Upande wetu adui ni kiungo cha kebo juu ya mlingoti. Utepe wa kuzuia maji ukipasuka kwa jua, maji huingia, shaba hugeuka kijani, na sehemu ya nguvu hurudi chini badala ya kwenda angani. Mtambo ukihisi nguvu inarudi, hujipunguza wenyewe ili usiungue. Wewe nyumbani unasikia tumefifia. Siku ya jua maji hukauka, tunarudi, na tatizo linasahaulika hadi mvua nyingine. Kwa hiyo ripoti yako ya siku ya mvua ni ya thamani kubwa kwetu. Tuambie siku hiyo hiyo.

18. Mbona mnakatika ghafla katikati ya kipindi?

Mara nyingi ni stima. Redio ndogo hutegemea umeme ule ule wa mtaa, na si kila moja ina betri za kutosha au jenereta yenye mafuta. Ukisikia kimya kitupu kisicho na mvumo, mtambo unarusha lakini studio imekatika. Ukisikia mvumo mtupu, au stesheni nyingine imejitokeza, mtambo wenyewe umezimika. Ukituambia ni kipi kati ya hivyo viwili, umetupunguzia nusu ya kazi.

Tunatamani sana kila redio ya jamii ingekuwa na betri za kuvuka usiku mzima. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliikumba Mathare na Mukuru, na wakati kama huo aliye na redio ndogo ya betri anahitaji sana kusikia mtu wa mtaani kwake akimwambia njia ipi inapitika.

19. Asubuhi fulani nawapata mbali sana, mchana siwapati. Mnaongeza nguvu asubuhi?

Hapana. Asubuhi tulivu, hewa baridi ikiwa imelala chini na ya joto ikiwa juu yake, mawimbi hupinda na kufuata ardhi mbali kuliko kawaida. Jua likipanda hewa inachanganyika na hali inaisha. Siku hizo hizo utasikia pia stesheni za mbali zikituingilia. Hakuna fundi anayeweza kulizuia hilo.

## Hali zisizo za kawaida

20. Ndege ikipita juu sauti inatetemeka. Ni kweli au ni mawazo yangu?

Ni kweli. Ndege ni bati kubwa linalotembea angani. Mawimbi hulifikia, yanarudi chini kwako, na kukutana na yale yaliyokuja moja kwa moja. Ndege inavyosonga, mara yanaongezana, mara yanapunguzana, na ndiko kutetemeka unakokusikia. Kibera iko jirani na Wilson, kwa hiyo wasikilizaji wa huko hutuambia zaidi. Antena nzuri iliyo nje hupunguza tatizo, kwani mawimbi ya moja kwa moja huyashinda yale ya kurudi.

21. Kwenye redio yangu ndogo nasikia marubani wakizungumza. Mnaingiliana na ndege?

Redio nyingi za bei rahisi hushindwa kutenganisha masafa unayotaka na yale yaliyo megahezi 21.4 juu yake. Ukiwa 99.9, hayo ni 121.3, ndani ya bendi ya ndege, inayoanzia 108 hadi 137. Ukiwa karibu na uwanja wa ndege, sauti hiyo hupenya. Ni udhaifu wa redio yako, na ndege haidhuriki.

Lakini kinyume chake ni jambo zito. Mtambo wa FM uliotengenezwa vibaya, au uliosukumwa kupita uwezo wake, unaweza kumwaga uchafu kwenye bendi hiyo ya ndege. Hii ni sababu nyingine ya jibu letu la swali la 3, na ni sababu ya mitambo kukaguliwa.

22. Nakaa nyumba ya pili kutoka kwenye mlingoti. Afya yangu iko salama? Na mbona nawapata kila pahali kwenye redio?

Kwa afya: kiwango cha kimataifa kinachotumika sana kwa raia kwenye masafa ya FM ni volti 28 kwa mita. Antena yenye nguvu ya wati 50 hufikia kiwango hicho kwenye umbali wa takriban mita 2 kutoka kwa antena yenyewe, na hupungua haraka baada ya hapo. Wewe uko chini, ng'ambo ya paa. Anayepaswa kuogopa ni fundi aliyepanda mlingotini mtambo ukiwa umewashwa, na kwa sababu hiyo tukipanda tunazima. Ukisikia tumetoka hewani mchana wa jua bila taarifa, huenda mwenzetu yuko juu.

Kwa redio: mawimbi yetu hapo kwako ni makali kiasi cha kuizidi. Fupisha antena, au ikunje kabisa. Spika za muziki zikitutoa hata bila redio, fupisha nyaya zake.

23. Kuna stesheni inatufunika mtaani, na nimejaribu yote hapo juu. Nifanye nini?

Kwanza hakikisha si redio yako: jaribu redio nyingine, mahali pengine, nje ya nyumba. Kisha ripoti kwa stesheni unayoitaka, ukisema uko mtaa gani na karibu na nini, ghorofa ya ngapi, saa ngapi, aina ya redio, na kilichosikika: mvumo, kimya, au watu wengine. Kama ni watu wengine, sikiliza hadi wajitaje jina, uliandike. Rekodi ya nusu dakika kwenye simu hutusaidia kuliko maelezo marefu.

Ripoti chache kutoka sehemu moja zikikubaliana, fundi huja na kipimo na kutembea eneo hilo. Ikithibitika kwamba kuna mtambo unaovuka mpaka wake au usio na leseni, stesheni huipeleka kesi kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ofisi zao ziko Waiyaki Way. Hata wewe mwenyewe unaruhusiwa kuwaandikia ukiwa msikilizaji. Usiende kwa wenye mtambo huo kugombana nao, na usimruhusu yeyote kugusa kebo zao. Tukija na kipimo tutakuomba utuonyeshe hasa pale unaposimama ukisikia, mlangoni, dirishani au uani. Anzia hapo kutuandikia.